Je, magari ya kifahari yanayotengenezwa kwa idadi maalumu yanastahili bei zake?

Mwalimu wa Kisasa (Dodoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita hapa mjini, na katika mada ya bei na thamani wanafunzi wangu wameng'ang'ania swali ambalo ningependa kulipatia majibu yenye uzito kuliko niliyonayo. Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Ferrari ilitangaza gari lake liitwalo F80, ambalo yatatengenezwa 799 tu, na bei ya moja inaanzia karibu euro milioni 3.6. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 9. Miezi michache kabla ya hapo Bugatti walikuwa wameonyesha Tourbillon, magari 250, bei ikianzia euro milioni 3.8. Wanunuzi hawakukosekana.

Ninachotaka kujua ni iwapo bei ya namna hiyo inatokana na gharama halisi za kusanifu na kutengeneza gari, au inatokana na uamuzi wa kampuni wa kutengeneza machache kwa makusudi ili yagombaniwe. Kama ni mchanganyiko wa mambo hayo mawili, basi lipi linabeba sehemu kubwa zaidi, na mnunuzi anapata nini kinacholingana na fedha aliyotoa? Ninaomba tusiingie katika hoja ya kwamba fedha hiyo ingejenga madarasa mangapi. Hoja hiyo ni nzito na mimi kama mwalimu inanigusa, lakini inastahili uzi wake.

Mhandisi wa Area D

Mwalimu, asante kwa kuuliza jambo hili kwa utaratibu. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na nitaanza na upande wa gharama kwa sababu ndio unaodharauliwa zaidi na watu wanaotazama picha peke yake.

Gharama kubwa ya gari jipya haimo katika chuma, mpira na ngozi iliyotumika kuliunda. Imo katika kazi inayofanyika kabla gari la kwanza halijauzwa, yaani kusanifu injini, kuandaa kalibu za bodi, kujaribu breki na gia boksi kwa maelfu ya kilomita, kugongesha magari ya majaribio ukutani ili kupata vibali vya usalama, na kupima moshi ili kukidhi sheria za Ulaya na Marekani. Gharama hizo hazipungui kwa sababu umeamua kuuza magari machache. Fundi anayenunua kalibu ya chuma ili afyatue matofali ya nyumba moja ya vyumba viwili ataona kila tofali limebeba sehemu kubwa ya bei ya kalibu hiyo, ilhali mwenzake anayefyatua matofali ya mtaa mzima haioni kabisa katika hesabu zake. Toyota, inayouza magari zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, ndiyo huyo wa mtaa mzima. Ferrari kwa mwaka wote wa 2024 ilikabidhi kwa wateja magari 13,752 ya aina zote.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni Bugatti Veyron. Volkswagen walichukua jina la Bugatti mwaka 1998, na kiongozi wao wa wakati huo, Ferdinand Piëch, akaweka masharti ambayo wahandisi wengi waliyaona hayatekelezeki: gari liwe na nguvu za farasi zaidi ya 1,000, lipite kilomita 400 kwa saa, na bado liwe tulivu kiasi cha mtu kulivalia suti na kwenda nalo kwenye ukumbi wa muziki jioni. Hapa ndipo fizikia inapoingia, na wanafunzi wako wa hesabu watalipenda jambo hili. Nguvu inayohitajika kushinda upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukitaka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 400, huhitaji nguvu mara mbili. Dhidi ya hewa pekee unahitaji nguvu mara nane. Kwa hiyo kila kilomita unayoiongeza huko juu ni ghali kuliko iliyotangulia, na haiwi ghali kwa petroli tu bali kwa kila kifaa kinachohusika.

Tuchukue joto. Injini ya petroli hugeuza sehemu tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na zaidi ya nusu hupotea kama joto. Injini ya Veyron ina ujazo wa lita 8, silinda 16 na turbo 4 (vifaa vinavyoisukumia injini hewa zaidi), na inapotoa nguvu za farasi 1,001 inazalisha joto la kiasi hicho na zaidi. Ndiyo maana gari hilo lina rejeta 10. Sasa jaribu kuzipanga rejeta 10 ndani ya gari la watu wawili, kila moja ipate hewa yake, bila kuharibu umbo linaloligandamiza gari barabarani lisije likainuka kwa upepo. Au tuchukue matairi. Bugatti walipofikisha kilomita 490 kwa saa mwezi Agosti 2019 katika uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien huko Ujerumani, dereva akiwa Andy Wallace, matairi yake yalikuwa yamepigwa picha za eksirei kabla ya kufungwa, ili kuhakikisha kwamba nyuzi za chuma ndani yake hazigusani. Kasoro ambayo kwenye IST ya mtu anayekwenda Majengo sokoni isingeonekana kwa miaka mitano, pale ingeua mtu kwa sekunde moja.

Veyron zilitengenezwa 450 kati ya mwaka 2005 na 2015, na kila moja iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 1. Mwaka 2013 wachambuzi wa kampuni ya Bernstein walikadiria kwamba, ukijumlisha gharama zote za mradi, Volkswagen walipata hasara ya zaidi ya euro milioni 4 kwa kila gari. Hata ukikipunguza kiasi hicho kwa nusu kwa sababu ni makadirio, mnunuzi wa Veyron alilipa pungufu ya kilichotumika. Kwa gari hilo, jibu langu ni kwamba bei ilistahili, na ninalisema bila kusita.

Mhasibu wa Makole

Kaka Mhandisi ameeleza vizuri, na sina ugomvi na fizikia yake. Hata hivyo, gharama hueleza kwa nini muuzaji hawezi kushuka chini ya kiwango fulani. Haielezi kwa nini mnunuzi anakubali kupanda hadi kiwango kile. Ukibaki na Veyron peke yake utafikiri biashara hii yote ni ya hasara na sifa, kumbe Ferrari kwa mwaka 2024 walibaki na faida ya uendeshaji ya takriban asilimia 28 ya mapato yao, kiwango ambacho watengenezaji wa magari ya kawaida hawakifikii hata katika mwaka wao mzuri. Kampuni yenye faida ya namna hiyo haipangi bei kwa kujumlisha gharama na kuongeza kidogo juu yake.

Angalia idadi zenyewe. Ferrari F50, ya kati ya mwaka 1995 na 1997, ilitengenezwa magari 349, na kampuni ilieleza wazi kwamba imekusudia gari moja pungufu ya yale ambayo soko lingeweza kununua. Enzo iliyofuata ilitangazwa kuwa 399, kisha likatengenezwa la 400 ambalo Papa Yohane Paulo II alikabidhiwa kwa ajili ya hisani. LaFerrari ya mwaka 2013 ikawa 499, na la 500 likapigwa mnada mwaka 2016 kwa dola milioni 7 ili kusaidia waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Italia. Sasa F80 ni 799. Kiwanda hakikuwa na uwezo mdogo zaidi mwaka 1995 kwa sababu ya uhaba wa chuma; idadi imekuwa ikipanda kwa sababu matajiri duniani wameongezeka na kampuni inapima ni wangapi inaweza kuwauzia bila kuwafanya wajione ni wengi. Zidisha 799 kwa euro milioni 3.6 na utapata karibu euro bilioni 2.9, ambayo ni zaidi ya asilimia 40 ya mapato yote ya Ferrari ya mwaka 2024, ingawa yataingia kwa miaka kadhaa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulikosa, nami naliona kuwa ndiyo roho ya swali la Mwalimu. Bei ya kiwandani, pamoja na ukubwa wake wote, mara nyingi iko chini ya bei ya soko. Ushahidi mzuri ni Ford GT mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2016 kwa bei inayokaribia dola 450,000. Ford hawakuuza kwa aliyefika kwanza. Waliwataka watu waandike maombi, wakachagua, na waliochaguliwa wakatia saini mkataba wa kutouza gari kwa miaka miwili. Mwanamieleka John Cena alipoliuza la kwake mapema, Ford walimshtaki mwaka 2017, na shauri likamalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano yaliyohusisha mchango wa hisani. Hakuna kampuni inayohangaika kuzuia mteja asiuze gari lake isipokuwa inajua kwamba siku ya pili gari hilo lina thamani kubwa kuliko alivyolinunua. Mwaka 2018 moja ya magari hayo lilipigwa mnada Marekani kwa dola milioni 1.8.

Maana yake ni kwamba mtu anayepewa nafasi ya kununua F80 hajalipa euro milioni 3.6 peke yake. Amelipa pia kwa miaka mingi ya kununua magari mengine ya kampuni hiyo, kuyatunza kwao, na kutoyauza haraka, mpaka jina lake likaingia katika orodha ya wateja wanaoaminika. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi ni sehemu tu ya alichotoa. Nikiulizwa kama mhasibu, nitasema bei hizo hazitokani na gharama, na pia si za juu kupita kiasi kwa mnunuzi anayechaguliwa. Anayepunjwa, kama kuna anayepunjwa, ni yule anayenunua kwa dalali baadaye.

Kijana wa UDOM

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wote. Ninasoma mwaka wa tatu na nina mchango mfupi. Kaka Mhandisi ametetea bei kwa kutumia mwendo, lakini mwendo wenyewe umeshuka bei. Mwezi Februari 2025 kampuni ya Xiaomi ya China, ambayo wengi wetu tunaijua kwa simu, ilitangaza gari la umeme la SU7 Ultra kwa bei ya yuani 529,900, sawa na dola zisizozidi 75,000, likiwa na nguvu za farasi zaidi ya 1,500 na milango minne. Huo ni uwezo wa kiasi cha Bugatti Chiron ya mwaka 2016, ambayo bei yake ilikuwa euro milioni 2.4. Kwa upande wa pili, Rimac wa Kroatia walitengeneza Nevera ya umeme, magari 150 kwa euro milioni 2 kila moja, yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,900, na mwaka 2024 Mate Rimac mwenyewe alieleza kwamba wateja wa ngazi hiyo hawana hamu na magari ya umeme. Kama kasi ndiyo ingekuwa inanunuliwa, Nevera ingekwisha siku ya kwanza. Kwa maoni yangu, tangu mota za umeme ziwe rahisi, hoja ya uhandisi wa mwendo kama sababu ya bei imekufa.

Mwalimu wa Kisasa (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Ninawashukuru wote watatu. Dada Mhasibu, hoja yako ya mkataba wa kutouza nitaipeleka darasani kesho kutwa, kwa sababu inaonyesha uhaba unaolindwa kwa sheria na si kwa kalibu. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kama uchache ndio unaobeba bei, kwa nini Ferrari F40, ambayo yalipangwa yapata 400 na yakaishia kuwa zaidi ya 1,300, bado inauzwa minadani kwa mamilioni ya dola? Na je, yapo magari yaliyokuwa machache yakakosa thamani?

Mwenye Yadi, Barabara ya Iringa

Mwalimu, umegusa penye kidonda, na nitajibu kwa urefu kidogo kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kukadiria gari litauzwa kwa kiasi gani baada ya kutumika.

Gari chache lililokosa thamani lipo, na kisa chake kinapaswa kujulikana na kila anayeamini kwamba idadi ndogo inatosha. Mwaka 1988 Jaguar walionyesha gari la XJ220 likiwa na injini ya silinda 12 inayoendesha magurudumu yote manne. Watu walivutiwa mno, wakaweka arubuni ya pauni 50,000 kila mmoja. Lilipotoka mwaka 1992 lilikuwa na injini ya silinda 6 yenye turbo mbili, inaendesha magurudumu ya nyuma pekee, na bei ilikuwa imepanda kupita ile iliyotajwa mwanzoni. Wakati huohuo uchumi wa Uingereza ulikuwa umedorora, na walanguzi walioweka arubuni kwa nia ya kuuza haraka hawakuwa na wa kumuuzia. Wateja wakataka kujitoa, mgogoro ukafika mahakamani, na uzalishaji ukasimama kabla ya kufika magari 300. Gari lile lilikuwa na kasi kuliko karibu kila gari la zama zake. Lilikuwa chache kuliko F40. Na bado kwa miaka mingi liliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya mwanzo. Imani ilivunjika, na soko la vitu vya anasa haliwi soko bila imani.

F40, kwa upande wake, ilikuwa gari la mwisho lililoidhinishwa na Enzo Ferrari mwenyewe kabla hajafariki mwaka 1988. Haina mbwembwe ndani: hakuna zulia, milango inafunguliwa kwa kuvuta kamba, na injini yake ina turbo mbili ambazo dereva lazima azijue tabia. Watu zaidi ya 1,300 wanalo, na kila mmoja anajua kwa nini analitaka. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Uchache husaidia pale tu ambapo tayari kuna sababu ya kulitamani gari.

Naomba nitoe mfano mwingine ulio karibu na sisi, kwa kuwa hapa Dodoma ukisimama nusu saa kwenye barabara ya kwenda Mtumba utahesabu mashangingi ya Toyota mpaka uchoke. Toyota hiyohiyo, kupitia jina lake la Lexus, ilitengeneza gari la LFA kati ya Desemba 2010 na Desemba 2012, magari 500 tu, takriban 20 kwa mwezi, kwa bei ya dola 375,000. Walikuwa wameshaanza na alumini, wakaona ni nzito, wakarudi nyuma na kuanza upya kwa nyuzi za kaboni. Ili kupata nguzo za mbele za bodi walibuni mtambo wa kufuma nyuzi hizo kwa mduara, na jambo hilo linanigusa sana, kwa kuwa familia ya Toyoda, waanzilishi wa Toyota, ilianza na mitambo ya kufumia nguo kabla ya kufikiria magari. Injini yake ya silinda 10, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha, hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika upesi kiasi kwamba mshale wa kawaida wa dashibodi usingeweza kuifuata, wakaweka kioo cha kidijitali. Gari hilo lilipotoka watu walilisema kwamba ni ghali mno kwa kitu kilichotoka Toyota. Miaka kadhaa baada ya uzalishaji kwisha, bado kulikuwa na LFA mpya ambazo hazijauzwa Marekani. Leo hii magari hayo yanauzwa kwa bei inayozidi sana ile ya mwanzo, na wale waliolidharau wanalitafuta.

Kwa hiyo ninatofautiana kidogo na Dada Mhasibu. Yeye anapima bei siku ya kununua na siku inayofuata. Mimi ninapima baada ya miaka 20. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 kati ya mwaka 1962 na 1964, na Marekani iliuzwa kwa takriban dola 18,000. Mwaka 2018 moja liliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Mercedes walikuwa na magari mawili ya 300 SLR yanayoitwa Uhlenhaut, ya mwaka 1955, na mwezi Mei 2022 wakauza moja kwa euro milioni 135, fedha ikaelekezwa kwenye mfuko wa ufadhili wa masomo. Hakuna kati ya hayo lililotengenezwa kwa lengo la kuwa adimu. Yalitengenezwa kwa ajili ya mashindano, na uadimu ukaja wenyewe. Magari ya sasa yanazaliwa yakiwa yamekwisha kutangazwa kuwa adimu, yanafungiwa kwenye maghala yenye kiyoyozi, hayashindani popote, na wamiliki wake wanaogopa kuyaongezea kilomita. Sioni ni kumbukumbu gani itakayoyapandisha thamani baada ya miaka 60.

Mhandisi wa Area D

Mwenye Yadi, umenifundisha kuhusu XJ220. Naomba nimjibu kwanza mdogo wangu wa UDOM, kisha niseme ni magari yapi ambayo mimi mwenyewe siyatetei.

Ni kweli kwamba kuongeza kasi kutoka 0 hadi 100 sasa ni rahisi, kwa kuwa mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo na kompyuta hugawa nguvu hiyo kwa kila gurudumu. Lakini uhandisi haujafa, umehama. Bugatti waliliona hilo, ndiyo maana Tourbillon haikutangazwa kwa kasi pekee. Ina injini mpya ya silinda 16 isiyo na turbo, ya lita 8.3, iliyoundwa kwa msaada wa Cosworth, kampuni ya kutengeneza injini ya Uingereza, ikisaidiwa na mota tatu za umeme, na dashibodi yake ni mtambo halisi uliotengenezwa na mafundi wa saa wa Uswisi. Mtu anaweza kusema ni anasa tupu. Mimi ninaona ni kazi ya mikono ambayo isingelipiwa na mtu mwingine yeyote, na mafundi wanaoijua wangeacha kuirithisha. Hata Gordon Murray, mzaliwa wa Durban aliyesanifu McLaren F1 ya mwaka 1992, gari la kwanza la barabarani lenye kiunzi cha nyuzi za kaboni, amerudi na T.50, magari 100, yenye uzito usiofika kilo 1,000. Kupunguza uzito kiasi hicho ni kugomba na kila skrubu. Ninaiona bei yake ya pauni zaidi ya milioni 2 kuwa ya haki.

Nisiyoyatetea ni yale yaliyobadilishwa bodi tu. Chiron ya kawaida ilikuwa euro milioni 2.4, nayo ilitengenezwa 500. Kisha mwaka 2018 ikaja Divo, magari 40 kwa euro milioni 5. Mwaka 2019 ikaja Centodieci, magari 10 kwa euro milioni 8, na mwaka huohuo La Voiture Noire, gari moja tu, kwa euro milioni 11 kabla ya kodi. Yote yana injini ileile ya lita 8 na msingi uleule wa Chiron. Sikatai kwamba kuna kazi katika bodi mpya na majaribio yake, na katika Divo walishughulikia pia namna gari linavyokata kona. Lakini kazi hiyo haiwezi kuzidisha bei mara nne na zaidi. Hapo hoja yangu yote ya kalibu inaishia, na ninakubaliana na Dada Mhasibu kwamba kinachouzwa ni idadi.

Mhasibu wa Makole

Hapo tumekutana, kaka. Ningeongeza tu kwamba magari hayo manne ya Bugatti ni mfano bora zaidi wa darasani kuliko F80 ya Mwalimu, kwa kuwa gharama ya injini imekaa palepale huku idadi ikishuka kutoka 500 hadi 1. Mwanafunzi anaweza kuchora mstari wa bei dhidi ya idadi na akaona kwa macho yake bei ya uchache peke yake, bila kuichanganya na kitu kingine. Mwalimu, uwaombe waanze na hiyo.

Mwalimu wa Kisasa (Dodoma)

Nitafanya hivyo, dada yangu, na nimekwisha kunakili idadi zote. Wanafunzi wangu wana swali moja la mwisho, na wamelisisitiza: je, gari kama F80 likiingizwa nchini kwa kufuata sheria, lingefika hapa kwa kiasi gani?

Wakala wa Forodha, Ihumwa

Mwalimu, hesabu ya msingi ni hii. Gari dogo la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na usafirishaji na bima. Juu ya jumla hiyo unaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kisha juu ya jumla mpya unaweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Zidisha 1.25 kwa 1.10 kwa 1.18 na utapata 1.6225. Injini ya petroli ya F80 ni ya lita 3, kwa hiyo inaangukia humo, na euro milioni 3.6 zinakuwa takriban milioni 5.84 kabla ya tozo ya reli, ada za forodha, usafirishaji na usajili.

Waambie pia kwamba mafundi wenye idhini ya Ferrari walio karibu utawatafuta Afrika Kusini. Tumbo la gari la namna hiyo liko chini sana, na kati ya bandari na hapa kuna matuta ambayo hata magari madogo ya kawaida huyavuka kwa kuyakata upande. Mteja akinijia na gari hilo nitamshauri lisafirishwe juu ya lori mpaka mlangoni kwake.